Nakala ya pili: Masisi, Walikale na historia ya kutunza kumbukumbu

Mwaka 1956, mzee Candi Rureke, mganaji wa Wanyanga na mkazi wa kijiji cha Bese wilayani Walikale, mashariki mwa Kongo, alianza kughani utendi wa Mwindo. Alighani, akasimulia, akacheza na kuigiza kwa siku 12. Mbele yake mtafiti Mbelgiji, Daniel Biebuyck, na wasaidizi wake Wanyanga waliandika kwa mkono kila walichowahi kukinasa, hadi mzee akaishiwa na sauti. Mwezi Septemba mwaka uleule, kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza mashine iliyoitwa RAMAC, kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski za kuzunguka. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye kipenyo cha sentimita 61, na zote kwa pamoja zilibeba herufi milioni 5. Kabati lake lilikuwa na uzito wa karibu tani moja.

Watu wa Bese hawakuwa na habari za RAMAC, wala wahandisi wa IBM huko California hawakuwa na habari za Rureke. Lakini pande zote mbili zilikuwa zinahangaikia jambo moja: neno litadumu vipi baada ya yule aliyelijua kuondoka? Tangu wakati huo diski imesinyaa hadi kuingia kwenye ukucha, na sehemu ya madini yaliyofanikisha kazi hiyo inachimbwa Walikale na katika wilaya jirani ya Masisi. Ndiyo maana historia ya kuhifadhi data ni historia ya huku pia.

Tuanze na Rureke. Kabla ya siku hizo 12, utendi ulitunzwa vichwani. Mganaji alijifunza kwa waliomtangulia, akawafunza waliomfuata, na vichwa viwili au vitatu vikibaki hai katika kijiji, utendi ulikuwa salama. Huo ulikuwa mfumo wa nakala, na ulifanya kazi kwa vizazi vingi. Udhaifu wake ni kwamba mganaji akifa bila mwanafunzi, hakuna pa kukimbilia. Mwaka 1969 maandishi ya Bese yalitoka kama kitabu katika chapa ya Chuo Kikuu cha California, kwa Kinyanga na kwa Kiingereza. Mhariri mwenza alikuwa Kahombo Mateene, mwanaisimu Mnyanga ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika jijini Kampala. Mwaka 1978 Biebuyck akachapisha masimulizi mengine ya Mwindo. Kufikia hapo utendi ulikuwa umekwisha kuvuka bahari na kutawanyika katika maktaba za mabara kadhaa.

Ndani ya utendi wenyewe, Mwindo anaposhuka kuzimu kumtafuta babaye Shemwindo, anamwachia shangazi yake Iyangura ncha moja ya kamba. Kamba ikitulia, shangazi ajue kwamba mpwa amekufa. Kila ninapozungumza na vijana wa Goma wanaotengeneza kompyuta, huwakumbusha kisa hicho, kwa kuwa sijaona maelezo bora zaidi ya kazi ya nakala akiba: anayekwenda kwenye hatari huacha ncha ya pili mkononi mwa mtu aliye mahali pengine.

Serikali ilikuja na karatasi. Comité National du Kivu, kamati ya kikoloni, iliundwa mwaka 1928 na kugawiwa ardhi kubwa. Kati ya 1937 na 1955 utawala wa Kibelgiji uliwahamishia Masisi maelfu ya Wanyarwanda, na kila hatua ilizaa orodha, barua na ramani. Baada ya uhuru ikaja sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ambayo ilimpa mwenye hati iliyosajiliwa nguvu kuliko mkulima aliyerithi shamba kwa mila. Masisi imejifunza kwa uchungu kwamba karatasi moja inaweza kumwondoa mtu kwenye kilima alichozaliwa. Asiye na karatasi hana hata cha kupoteza motoni.

Tarehe 20 Machi 1993 watu waliuawa katika soko la Ntoto, Walikale, na vita vikapanda hadi Masisi. Tangu hapo vijiji vimechomwa mara kwa mara, na nyumba ikiungua huungua pamoja na sanduku la chini ya kitanda: cheti cha kuzaliwa, hati ya shamba, diploma, kadi ya ubatizo. Kati ya hasara hizo, ninaihesabu ya cheti cha kuzaliwa kuwa nzito kuliko zote, kwa sababu anayeilipia ni mtoto. Akikua atalazimika kwenda mahakamani kuomba hukumu ya kuziba pengo la cheti, kuleta mashahidi na kulipa ada, ili tu ithibitishwe kwamba alizaliwa.

Dawa ya jambo hilo inajulikana tangu zamani. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1804, ambayo Ubelgiji iliirithi, iliagiza daftari la vizazi, ndoa na vifo liandikwe mara mbili, seti moja ibaki ofisi ya mji na nyingine ipelekwe mahakamani. Mji wa Paris ulitii. Mwezi Mei 1871, wakati wa maasi ya Komuni, jengo la manispaa liliungua, na jengo la mahakama likaungua pia. Rekodi takriban milioni 8 za wakazi zikawa majivu, na ni sehemu tu iliyoweza kuandikwa upya. Nakala zilikuwa mbili kama sheria ilivyotaka, lakini zote zilikuwa ndani ya mji mmoja.

Goma ilipata somo la aina hiyo tarehe 17 Januari 2002, lava ya volkano ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji na kufunika mitaa ya biashara na maofisi. Mtu aliyekuwa na karatasi nyumbani na fotokopi dukani, yote katika mtaa mmoja, alibaki mikono mitupu.

Mwaka huohuo wa 2002, wawindaji na wachimbaji walianza kuchimbua kilima cha Bisie, ndani ya msitu wa Walikale. Kilikuwa kimejaa kasiteriti, jiwe la bati. Wapagazi walibeba magunia ya kilo 50 kwa mwendo wa siku mbili msituni hadi Njingala. Kutoka huko mzigo ulipelekwa Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami na kuuchukua hadi Goma. Kila kizuizi njiani kilikuwa na mwenye bunduki wa kulipwa. Kwa miaka kadhaa brigedi ya jeshi ndiyo iliyokitawala kilima.

Bati hilo lina kazi gani kwenye diski? Chukua flashi yoyote uipasue: utaona vipande vyeusi vilivyogandishwa juu ya kibao cha kijani. Kinachovigandisha ni lehemu. Zamani lehemu ilikuwa mchanganyiko wa bati na risasi, kama theluthi mbili kwa moja. Tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku risasi katika vifaa vingi vya elektroniki kwa ajili ya afya, na viwanda vikahamia kwenye lehemu ambayo aina yake maarufu ina bati asilimia 96.5. Sheria nzuri ya Brussels iliongeza njaa ya bati duniani, na magunia ya Bisie yalikuwa njiani wakati huo. Leo kilima hicho kina mgodi wa kisasa wa kampuni ya Alphamin, ulioanza uzalishaji mwaka 2019. Mwaka 2024 ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati.

Masisi nayo ina Rubaya, mji wa koltani. Koltani hutoa tantali, na tantali hutumika kutengeneza kapasita, kifaa kidogo kinachotunza umeme kwa muda mfupi. Katika diski mweko (SSD) za seva kubwa, kapasita za aina hiyo hufanya kazi moja muhimu: umeme ukikatika ghafla, hutoa nguvu ya mwisho ya kutosha ili data iliyokuwa bado njiani iandikwe na isipotee. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanakadiria kwamba Rubaya hutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Waasi wa M23 waliuteka mji huo tarehe 30 Aprili 2024, na wataalamu haohao wanasema kundi hilo lilijipatia huko dola zipatazo 800,000 kwa mwezi kwa kutoza kodi koltani. Benki fulani huko Ulaya inapokatikiwa umeme, huenda jiwe la Masisi ndilo linalookoa hesabu zake. Hospitali ya Masisi inapokatikiwa umeme, huenda faili za wagonjwa hazina kinga hiyo. Jambo hili linaniuma, na sioni sababu ya kulificha.

Tukio linaloonyesha wazi thamani ya kumbukumbu ni la Luvungi. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, wapiganaji walivamia Luvungi na vijiji vingine 12 kwenye barabara ya Kibua hadi Mpofi, Walikale. Umoja wa Mataifa uliorodhesha watu wasiopungua 387 waliobakwa: wanawake, wanaume na watoto. Hati ya kumkamata Ntabo Ntaberi Sheka, kiongozi wa kundi la NDC lililoshiriki uvamizi huo, ilitolewa mapema mwaka 2011. Alijisalimisha Julai 2017. Kesi ilianza Goma Novemba 2018, na tarehe 23 Novemba 2020 alihukumiwa kifungo cha maisha.

Ni miaka 10 tangu uhalifu hadi hukumu. Sasa linganisha na uhai wa vyombo vyetu. Diski ya kuzunguka inayotumika kila siku huanza kutiliwa shaka baada ya miaka mitano hivi. Kiwango cha kimataifa cha JEDEC kinaitaka diski mweko ya kawaida, iliyotumika hadi ukomo wake, itunze data mwaka mmoja tu bila umeme, tena kwenye joto la nyuzi 30. Flashi ya bei rahisi ya sokoni haina hata ahadi hiyo. Ushahidi uliowekwa kwenye flashi moja mwaka 2010 na kusahauliwa ndani ya kabati huenda usingesomeka siku ya hukumu.

Wanasheria wa Kivu wameanza kulizingatia hilo. Septemba 2018, mahakama ya kijeshi ya Kivu Kusini iliwahukumu viongozi wawili wa kundi la waasi la FDLR kwa mauaji ya raia, na miongoni mwa ushahidi zilikuwamo picha zilizopigwa kwa programu ya simu iitwayo eyeWitness. Programu hiyo hurekodi saa na mahali, huipa kila picha alama ya kihesabu inayofichua ikiwa imeguswa, kisha huituma nakala kwenye seva iliyo nje ya nchi. Simu ikiporwa kwenye kizuizi, picha imekwisha kuondoka.

Mwananchi wa kawaida anaweza kufuata kanuni ya 3-2-1 iliyoenezwa na mpigapicha Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, aina mbili za vyombo, moja iwe mbali. Kwa mtu wa Nyabiondo, huko Masisi, hiyo si lazima imaanishe pesa nyingi. Karatasi yenyewe ni chombo, na ni chombo kizuri. Picha safi ya cheti ndani ya simu ni nakala ya pili. Picha hiyohiyo ikitumwa kwa ndugu aliye Kampala au Kisangani, akaiweka kwenye diski yake na kuihamishia kwenye diski mpya kila baada ya miaka michache, ni ya tatu. Siri ya ushahidi na ya ugonjwa inahitaji ulinzi zaidi, kwa sababu simu ikikamatwa inaweza kumuua mwenyewe. Faili za namna hiyo zifungwe kwa nywila, na zikishafika salama zifutwe simuni.

Linabaki suala la nani anashika nakala ya mbali. Ripoti na ramani nyingi za kijiolojia za Kongo za enzi ya ukoloni ziko Tervuren, karibu na Brussels, katika Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati. Julai 2025 serikali ya Kinshasa ilitia saini makubaliano na kampuni ya Marekani ya KoBold Metals, na kipengele kimoja kilihusu kuzigeuza kumbukumbu hizo kuwa faili za kompyuta. Makumbusho hayakukubali kuzikabidhi kwa kampuni binafsi. Wakati wazungu wa pande mbili wakivutana juu ya nani azinakili, dai la Wakongo liwe wazi: seti kamili iwekwe Kinshasa na nyingine Goma, ili mwanafunzi wa jiolojia wa Walikale asome ramani ya wilaya yake bila kuomba viza.