Diko, Si Nukta-Mwisho

Kuna waraka wa istilahi unaozunguka maofisini, na ndani yake pahala ambapo programu ya mtandaoni hupokea maombi pameitwa "nukta-mwisho". Aliyeutunga alilikata neno la Kiingereza, endpoint, vipande viwili, akafasiri kila kipande peke yake, kisha akaviunga kwa kistari. Nukta haipo hapo, na hakuna kinachokwisha. Ombi linafika, linashughulikiwa, jibu linarudi lilikotoka ombi.

Mwandishi wa makala haya anashikilia diko, pahala pwani ambapo vyombo vya wavuvi hufikia.

Hili halihitaji kutungwa, Unguja nzima inalijua. Liko diko la Mkokotoni. Liko la Malindi, lililojengwa kwa msaada wa Japani, ambako samaki hushushwa na kunadiwa, na jua halijapanda wengine wao wameshafika sokoni Darajani, penye jengo la mwaka 1904. Wingi wake ni madiko. Ndugu yake ni liko, ambalo kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalo, na ambalo kwa kutiwa -ni ya mahali limewapa Wamombasa Likoni yao. Bandari ni jambo jingine, kubwa na lenye shughuli za kila namna. Diko ni dogo, lina wenyewe, na nahodha hulijua kwa jina. Chombo hufika, hushusha, hupakia kinachopakiwa, kikaondoka. Anayejua programu ya mtandao inavyoitwa na kuitika hana haja ya kuelezwa zaidi.

Kamati fulani ilipopelekewa pendekezo hili ilijibu, kwa mistari miwili isiyo na saini, kuwa hilo ni "neno la wavuvi". Ajabu! Kupakia na kupakua, wanayoyatumia wao wenyewe kila siku, walikwishayasikia wachukuzi wa majahazi kabla ya kompyuta kuzaliwa. Wavuti limebeba wavu tumboni. Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, haikusemwa popote kwamba wavuvi wake wabaki nje. Na hawa ndio watu wa kambi ile ile iliyochanganya tarakimu na akili ikatupa tarakilishi, neno ambalo muuza kompyuta wa Darajani hathubutu kuliandika kwenye kibao chake.

Mpinzani mwingine, ambaye adabu inazuia kumtaja, anapigia debe "kipokezi". Redio nayo ni kipokezi: hupokea, haijibu. Bwana huyo ameombwa mara kadhaa aeleze jibu litokee wapi, naye bado anatafakari.

Kuhusu matumizi, mambo ni mepesi. Tangu mwaka 1993, NCSA ya Chuo Kikuu cha Illinois ilipoweka utaratibu wa CGI, seva imeweza kuamsha programu ndogo kila ombi linapoingia na kumrudishia muombaji kile ambacho programu imekiandika. Kijana mwenye duka la simu Darajani anaweza kuweka Raspberry Pi nyuma ya kaunta, akaandika mistari michache ya Python inayosoma jedwali la maji kujaa na kupwa, na kulipa diko lake anwani ya /maji. Simu ya mvuvi ikiliita, linajibu: "Bamvua. Maji kujaa saa kumi na robo." Atie nywila, asiliache diko wazi kwa kila mpita njia, asiruhusu maneno ya mgeni yageuke amri ndani ya mashine yake, basi.

Waraka ule ule unaiita kazi hii ya kuweka programu kwenye mashine yako mwenyewe "kujipangisha", kana kwamba kijana yule anajitoza kodi ya duka lake. Kujiendeshea lipo, linaeleweka, na wahusika wakitaka watalipata bila ya kuitisha kikao wala kulipana posho.