The Chase: Penzi kwa dada wa rafiki

The Chase ni riwaya ya mapenzi iliyoandikwa na Elle Kennedy, mwandishi wa Kanada, na kuchapishwa mwaka 2018. Ndiyo ya kwanza katika mfululizo wa vitabu vinne uitwao Briar U, uliozaliwa na mfululizo wake wa awali, Off-Campus, ulioanza mwaka 2015.

Kisa kinatokea Briar, chuo kikuu cha kubuni katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ambako mpira wa magongo wa kwenye barafu unapendwa mno. Summer Heyward-Di Laurentis anahamia chuoni hapo na kuishi nyumba moja na wachezaji watatu. Mmoja wao, Colin Fitzgerald, ajulikanaye kama Fitz, ni rafiki wa Dean, kaka yake Summer aliyekwisha kuhitimu.

Katika riwaya za aina hii, kikwazo kwa kawaida huwa ni kaka: rafiki akimpenda dada, urafiki huingia mashakani. Kennedy anakwenda mbali zaidi. Kinachomuumiza Summer ni kumsikia Fitz akisema kuwa yeye ni msichana wa mambo ya juujuu, ilhali anahangaika na masomo kutokana na tatizo la kutoweza kutuliza mawazo. Isitoshe, Hunter, mchezaji mwenzake Fitz, naye anamtaka.

Kwa kusimulia kwa zamu, wawili hao wanamwonesha msomaji kwamba ridhaa ya kaka si kitu pasipo heshima kwa dada mwenyewe.