Moyo unaposimama mbali na hospitali: historia ya kuhesabu dakika

MANGUREDJIPA – Mtu anaanguka ghafula sokoni. Haitiki, hapumui. Je, atapona? Swali ni la zamani, lakini hesabu ya kulijibu ni ya juzi tu.

Zamani, moyo ukisimama, waganga wa upasuaji walipasua kifua na kuukamua kwa mkono. Mwaka 1960, huko Baltimore, Marekani, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker walionyesha kwamba kukandamiza kifua kwa nje kunasukuma damu. Mwaka 1966, mjini Belfast, daktari Frank Pantridge alipakia mashine ya kushtua moyo ndani ya ambulensi, ikitumia betri za gari.

Ndipo hesabu ikaja. Katika kaunti ya King, yenye mji wa Seattle, Marekani, visa vilikuwa vikiandikwa tangu 1976. Mwaka 1993 Larsen, Eisenberg na wenzao walitoa kanuni yao. Unaanza na 67 kwa mia. Kwa kila dakika unatoa 2,3 kabla ya kifua kukandamizwa, 1,1 kabla ya mashine, na 2,1 kabla ya dawa na huduma kamili. Jumla ni 5,5. Pasipo msaada wowote, tumaini linaisha kwa dakika 12 hivi.

Hesabu hiyo ilitoka kwa wagonjwa waliokuwa na nafasi nzuri ya kupona, tena penye ambulensi. Kwetu, Butembo iko karibu kilomita 100, barabara ni ya udongo, na mvua ikinyesha safari ni ya masaa mengi. Hatuwezi kuichukua kama ilivyo.

Lakini tazameni: tarakimu kubwa kuliko zote ni ya mikono, isiyohitaji umeme wala pesa. Sisi mtu akianguka tunakimbilia kumpakia kwenye pikipiki, na juu ya pikipiki hakuna anayeweza kukandamiza kifua. Alazwe chali chini, akandamizwe katikati ya kifua, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wengine wakimwita muganga.

Mikono peke yake ni mara chache kuamsha moyo. Inalinda ubongo mpaka msaada ufike. Kwa hiyo wamotari, walimu na wachimbaji wafundishwe, na vituo vya afya viandike saa ya kuanguka na saa ya kufika. Kaunti ya King nako walianza kwa kuandika visa.