KIMONDO CHA MBOZI NA MIZANI YA ELIMU



Mtu asafiriye kwa barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, hakosi kuyaona malori yamepanga mstari yakingoja kupimwa. Lori hupandishwa juu ya mizani, tarakimu huonekana, nalo huruhusiwa au huzuiwa. Mizani ile ina faida, kwani huilinda barabara isiharibiwe. Lakini haisemi ndani ya lori mna nini, ni shaba au ni mahindi, ni mali ya halali au ya wizi. Atakaye kujua hayo hana budi kufungua turubai na kutazama kwa macho yake.

Makala haya yanahusu mizani nyingine, ambayo haipimi mizigo bali huwapima watu wa elimu. Katika vyuo vikuu vya zama zetu mwanachuoni huulizwa: Umechapisha makala mangapi? Jina lako limetajwa mara ngapi katika maandishi ya wengine? Kwa majibu hayo mmoja hupandishwa cheo na mwingine hubaki alipo. Mmoja hupewa fedha za utafiti na mwingine hunyimwa. Basi yatupasa tujue mizani hii ilitoka wapi, inapima kitu gani, na ni nani ambao hawapandishwi juu yake kabisa.

JIWE LILILOANGUKA UNYIHA

Tuanze hapa hapa nyumbani. Katika wilaya ya Mbozi, ambayo tangu mwaka 2016 imo ndani ya mkoa mpya wa Songwe, kuna jiwe kubwa la chuma lililoanguka kutoka angani. Ndilo liitwalo Kimondo cha Mbozi. Urefu wake ni kama mita 3, na uzito wake hukadiriwa kuwa kati ya tani 12 na 16. Sehemu yake kubwa ni chuma, na iliyobaki zaidi ni nikeli. Ni miongoni mwa vimondo vizito kabisa vijulikanavyo duniani.

Ukifungua vitabu utasoma kwamba kimondo hiki kiligunduliwa mwaka 1930 na W. H. Nott, mpima ardhi aliyetoka Johannesburg. Utasoma tena kwamba wataalamu wawili, D. R. Grantham na F. Oates, walikieleza katika jarida la Mineralogical Magazine. Waandishi waliofuata wakawarejelea hao, na waliokuja baadaye wakawarejelea waliotangulia. Hivyo ndivyo mnyororo wa elimu ulivyofungwa.

Lakini pete ya kwanza ya mnyororo huo iko wapi? Nchi ile haikuwa tupu. Wenyeji wake, Wanyiha, walikuwa wafua chuma mashuhuri tangu kale. Waliyajua mawe ya chuma na waliyayeyusha katika matanuri yao. Na jiwe lile walilijua kabla ya mpima ardhi kufika. Lakini hawakuandika, na asiyeandika harejelewi. Katika hesabu ya elimu ya kisasa wao ni sifuri.

Tusiwadhulumu akina Nott, Grantham na Oates. Kulichunguza jiwe, kujua madini yaliyomo na kuutangazia ulimwengu ni kazi, na mwenye kazi ana haki yake. Twasema tu kwamba haki ya mmoja haiifuti haki ya mwingine. Wahenga walinena: Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

MIFUPA YA TENDAGURU

Jambo hili halikutokea Mbozi tu. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi mikubwa ya kale huko Tendaguru, mkoani Lindi. Zaidi ya tani 200 zilichukuliwa hadi pwani, sehemu kubwa ikiwa vichwani na mabegani mwa watu, kisha zikapakiwa melini kwenda Berlin. Mamia ya Waafrika walifanya kazi hiyo. Msimamizi wao mmoja alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyeaminiwa sana kwa ustadi wake wa kuitoa mifupa ardhini bila kuivunja. Maandishi ya kitaalamu yalitoka kwa majina ya Wajerumani, na hasa ya Werner Janensch.

Ilipofika mwaka 2007 ndipo mnyama mmoja wa Tendaguru alipopewa jina la Australodocus bohetii kwa kumkumbuka Boheti. Na mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya kabila la Wamwera na ya Mohammadi Keranje, mtu aliyeiona mifupa hiyo. Heshima hiyo ni njema, lakini ilikuja baada ya karibu miaka mia, wenyewe wakiwa kaburini.

HESABU YA KUTAJWA

Sasa tutazame mizani yenyewe. Mwaka 1873 Mmarekani Frank Shepard alianza kuwauzia mawakili orodha ionyeshayo kila hukumu ya mahakama imetajwa katika hukumu zipi zilizofuata. Wakili aliweza kujua kwa haraka kama hukumu anayoitegemea ingali na nguvu au imekwisha kutanguliwa. Mwaka 1955 Mmarekani mwingine, Eugene Garfield, akapendekeza kwamba makala ya sayansi nayo yafanyiwe vivyo hivyo, na mwaka 1964 faharasa yake ya marejeo ikaanza kutolewa.

Angalia nia ya mwanzo: ilikuwa ni kumsaidia mtafutaji afike kwenye maandishi anayoyahitaji. Ilikuwa ramani. Lakini wenye kutoa vyeo na fedha walipoona kuwa ramani ina tarakimu, waliigeuza mizani. Majarida yakapimwa kwa kugawanya idadi ya marejeo yaliyopatikana mwaka mmoja kwa idadi ya makala yaliyochapishwa katika miaka miwili iliyotangulia. Kisha mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akaleta kipimo cha mtu mmoja mmoja: mwanachuoni mwenye makala 10 ambayo kila moja limetajwa angalau mara 10 ana alama 10; mwenye 20 yaliyotajwa mara 20 kila moja ana alama 20. Ni hesabu nyepesi, na wepesi wake ndio ulioipendeza dunia.

Tangu hapo watu wakaanza kuifanyia kazi tarakimu badala ya kuifanyia kazi elimu. Mkuu wa idara huingizwa jina katika makala ambayo hakuandika hata sentensi moja. Marafiki hukubaliana kutajana. Jambo moja la utafiti hukatwa vipande vitano ili yapatikane makala matano. Yako hata majarida ya uongo, ambayo kazi yake ni kupokea ada na kuchapisha chochote. Kitabu chetu kitukufu kina sura nzima yenye jina la wapunjao vipimo, na sura nyingine yenye jina la kushindana kwa wingi. Hatudhani kuwa maonyo hayo yaliwahusu wauza nafaka na wenye mifugo peke yao.

WALIVYOFANYA WANAVYUONI WA KALE

Je, waliotutangulia walikuwa na mizani? Naam, walikuwa nayo. Wanavyuoni wa hadithi, kama Imam Bukhari aliyefariki mwaka 256 Hijria, yaani 870, hawakupokea habari isiyo na isnadi, yaani mnyororo wa majina: fulani amepokea kwa fulani, naye kwa fulani. Wao pia walihesabu, kwani habari iliyopokewa kwa njia nyingi mbalimbali ilipewa daraja ya juu. Lakini kabla ya kuhesabu walipima. Walichunguza maisha ya kila mpokezi, ukweli wake na hifadhi yake, hata ikazuka elimu nzima ya kuwajua wapokezi. Waongo kumi wakisimulia jambo moja hawakugeuka kuwa shahidi mmoja mkweli.

Tena kuna tofauti kubwa zaidi. Katika isnadi jina la aliyesema lilihifadhiwa hata kama hakuandika kitabu chochote maishani mwake. Mwanamke, mtumwa aliyeachwa huru, mtu wa kijijini, wote walitajwa mahali pao wakiwa wakweli. Lau wachunguzi wa Mbozi wangefuata desturi hiyo, leo tungesoma: Nott ameonyeshwa au ameambiwa na fulani wa Unyiha, au kwamba hakuambiwa na mtu. Ama lipi kati ya mawili, tungelijua.

Na wizi wa maandishi si mpya. Imam Suyuti wa Misri, aliyefariki mwaka 1505, aliandika risala nzima ya kumtenga mtunzi na mwizi, akimlaumu mtu aliyemshutumu kuwa amechukua kazi zake bila kumtaja. Kwake kumtaja mwenye neno ilikuwa ni amana, na mwenye kuivunja alikuwa mhaini.

MFANO MWEMA

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba haki haiwezekani. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, aliona kwamba maziwa ya aiskrimu aliyoyatia kwenye friji yangali moto yaliganda kabla ya yaliyopoa. Alichekwa. Baadaye, alipokuwa akisoma Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Osborne hakumcheka, alikwenda akajaribu. Mwaka 1969 makala yalitoka katika jarida la Physics Education kwa majina mawili, na jina la kwanza lilikuwa la Mpemba. Wanafizikia wangali wanajadiliana juu ya jambo lenyewe hadi leo, lakini hulijadili kwa jina lake. Osborne hakupungukiwa na kitu kwa kumtanguliza mwanafunzi.

Kusini magharibi kwetu nako kuna dalili njema. Mwaka 2013 jarida la Nature lilitangaza nyani wa kale aitwaye Rukwapithecus, aliyeishi miaka milioni 25 iliyopita katika bonde la Rukwa, na miongoni mwa waandishi 10 wa makala hayo walikuwamo Watanzania. Mwaka 2017 mjusi mkubwa wa kale akaitwa Shingopana songwensis, jina lenye Kiswahili chetu na Songwe yetu. Lakini tusitosheke na jina la mahali. Jina la mto au mkoa halimpandishi cheo kijana wa mkoa huo. Jina lake mwenyewe katika orodha ya waandishi ndilo limpandishalo.

LITUPASALO

Dunia yenyewe imeanza kuona kasoro. Mwaka 1985 wahariri wa majarida ya tiba waliweka masharti ya nani anastahili kuitwa mwandishi. Mwaka 2012, huko San Francisco, liliandaliwa azimio la kuwataka wakuu wa vyuo wasimpime mtu kwa umaarufu wa jarida alilochapishia, bali waisome kazi yake. Kuisoma! Hilo ndilo kufungua turubai.

Nasi tuna wajibu wetu. Mwalimu wa chuo asiweke jina lake mahali asipofanya kazi, wala asifute la msaidizi aliyefanya. Mwanafunzi aendaye vijijini kukusanya habari za dawa, za historia au za mawe, aandike jina la mzee aliyemweleza, kwa idhini yake, na siku aliyomweleza. Asiandike tu "wenyeji husema". Na wazazi wa Tunduma, Vwawa na Ileje wawasomeshe watoto wao, mabinti na wavulana, mpaka wafike kiasi cha kuandika wenyewe habari za nchi yao.

Nawe, ndugu msomaji, siku ukienda kukitazama kimondo kule Mbozi, waulize wazee wa pale walisikia nini kwa babu zao, ukayaandike majibu pamoja na majina yao. Wazee hao wanapungua kila mwaka.