Chama Kimoja na Bunge Letu

Vijana wetu wa Buhare huuliza ilikuwaje hata chama kimoja kikashika Bunge la nchi hii tangu kabla ya Uhuru, ingawa jina lake limebadilika. Swali hili ni jema, nasi yatupasa kulijibu kwa utaratibu.

TANU ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954. Kiongozi wake alikuwa mwalimu, Julius Nyerere, mwana wa Mtemi Burito wa Butiama, jirani zetu. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanywa kwa mafungu mawili, mwaka 1958 na 1959, kwa masharti magumu: kila mpiga kura alipaswa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wengi katika TANU walitaka kuususia. Lakini katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Nyerere aliwashawishi waingie, na waliosimama kwa idhini ya TANU wakashinda. Mwaka 1960 chama kilipata viti 70 katika 71, na katika viti 58 hakutokea mpinzani hata mmoja.

Basi hapo pana neno la kutafakari. Mtu asiyepingwa hapigiwi kura, na mwananchi hubaki mtazamaji tu. Nyerere mwenyewe aliliona hilo. Kwa hiyo mwaka 1965, nchi ilipofanywa ya chama kimoja kwa sheria, karibu kila jimbo lilipewa wagombea wawili wa TANU, mmoja mwenye alama ya jembe, wa pili nyumba. Walihutubia mikutano pamoja, wakakatazwa kutafuta kura kwa kabila wala dini. Wabunge wengi walikataliwa. Hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alishindwa huko Mwanza. Chama hakikuvunjika kwa hayo, bali watu walijua kuwa kura yao ina nguvu.

Tarehe 5 Februari 1977 TANU na ASP ya Zanzibar ziliungana zikawa CCM. Mwaka 1991 iliundwa Tume ya Jaji Francis Nyalali. Zaidi ya watu saba katika kila kumi waliiambia kwamba wapenda chama kimoja kiendelee. Walakini Tume ilishauri vyama vingi viruhusiwe, na mwaka 1992 vikaruhusiwa. Katika uchaguzi wa 1995 CCM ilipata viti 186 kati ya 232 vya majimbo, na mwaka 2005 viti 206.

Sababu za nguvu hiyo ni nyingi: heshima ya kuleta Uhuru, mabalozi wa nyumba kumi kumi hata vijijini, na wapinzani kugawanyika wao kwa wao. Tena chama na serikali vilikaa pamoja muda mrefu hata wengi hawakuweza kuvitenganisha.

Lakini mkoa wetu wa Mara, ulikozaliwa mwanzilishi wa chama, haukuwa mtumwa wa mazoea. Mwaka 1995 Bunda ilimchagua Stephen Wasira wa NCCR-Mageuzi mbele ya Joseph Warioba, aliyepata kuwa Waziri Mkuu, ingawa baadaye mahakama ilitengua matokeo. Mwaka 2010 Musoma Mjini, jimbo letu, ilimpa kiti Vincent Nyerere wa CHADEMA. Mwaka 2015 ikakirudisha kwa CCM. Mwaka huo huo Wasira, akiwa amerudi CCM, alishindwa Bunda Mjini na Ester Bulaya wa CHADEMA. Hivyo ndivyo watu wapimavyo watumishi wao.

Mwaka 2020 CCM ilichukua karibu majimbo yote. Mwaka 2025 CHADEMA haikuwamo katika uchaguzi, na tarehe 29 Oktoba damu ilimwagika, na vilio vikasikika majumbani. Wingi wa viti haukuleta amani.

Wasomaji wetu wamkumbuke nabii Samweli. Alipokuwa mzee hakusema, Nimewaongoza siku nyingi, nyamazeni. Alisimama mbele ya Israeli akawataka washuhudie kama amechukua ng'ombe wa mtu au kumwonea yeyote. Utawala wa miaka mingi si kosa. Lakini wenye kutawala sana ndio wapaswao kuulizwa sana, na wanaoulizwa ni wale ambao watu wana uhuru wa kuwakataa.