Theluthi ya Mjane: Funzo la Mirathi Kutoka Virginia



Katika kitabu chetu cha harambee tumezoea kusoma habari za madarasa, maji na barabara. Mwaka huu nimepewa nafasi ya historia, nami nimechagua kisa cha mbali kidogo, cha Virginia huko Marekani, enzi hizo ikiwa bado koloni la Waingereza. Nimekichagua kwa sababu kinahusu jambo linalokalisha vikao vya ukoo kila Desemba tunapopanda mlimani: mzee amefariki, mali ipo, wosia haupo.

Tarehe 8 Julai 1757 alifariki Daniel Parke Custis, mmoja wa matajiri wakubwa wa koloni lile. Alikuwa na umri wa miaka 45. Aliacha mashamba ya zaidi ya ekari 17,000, mengi yakiwa ya tumbaku, na watumwa karibu 300 wenye asili ya Afrika. Aliacha pia mjane wa miaka 26, Martha, na watoto wawili wadogo: John, ambaye hajatimiza miaka mitatu, na dada yake aliyeitwa Martha kama mama yake. Wosia hakuandika.

Asiyeandika wosia huandikiwa na sheria. Sheria ya Virginia ilimpa mjane theluthi moja ya ardhi na ya watumwa, lakini aitumie tu maisha yake yote. Hakuruhusiwa kuiuza wala kumwachia amtakaye. Akifa, irudi kwa warithi wa mume. Theluthi mbili zilizobaki zilikwenda kwa mtoto wa kiume. Binti hakupata ardhi. Alipata sehemu yake katika fedha na mali zinazohamishika, ambazo ziligawanywa mafungu matatu sawa kati ya mama na watoto wawili.

Pamoja na mali, familia ilirithi kesi. Babu mzaa mama wa marehemu, Daniel Parke, alikuwa gavana wa visiwa vya Leeward, akauawa na wananchi wenye hasira huko Antigua mwaka 1710. Yeye wosia aliuandika. Mali za visiwani alimpa binti aliyezaliwa nje ya ndoa, na za Virginia na Uingereza akampa binti wa ndoa. Ugomvi ukawa: madeni ya visiwani yalipwe na nani? Miaka 47 baadaye, mjukuu wake alipofariki, kesi ilikuwa bado mahakamani. Wosia unaogawa mali bila kueleza wazi habari ya madeni huacha ugomvi hadi kwa wajukuu.

Martha hakukaa akilia tu. Wiki chache baada ya msiba alikuwa akiwaandikia wafanyabiashara wa London kuhusu tumbaku yake. Lakini Januari 1759 aliolewa tena, na kwa sheria ya Kiingereza ya siku zile usimamizi wa fungu lake ukahamia kwa mume mpya. Mume huyo alikuwa ofisa wa jeshi aitwaye George Washington, ambaye miaka 30 baadaye alikuja kuwa Rais wa kwanza wa Marekani.

Kama mhasibu, hapa ninampa Washington haki yake. Mali za watoto wa kambo hakuzichanganya na zake. Alifungua hesabu ya kila mtoto peke yake, na kila mwaka alipeleka taarifa mahakamani. Wasimamizi wengi wa mirathi wa leo wangeona kazi hiyo ni nzito. Hata hivyo, katika vitabu hivyo hivyo vilivyopangwa vizuri, binadamu waliorodheshwa kwa bei, kama ng'ombe. Hesabu zilikaa sawa, na dhuluma ilikuwa ndani yake.

Matokeo yake yalionekana miaka mingi baadaye. Washington alifariki Desemba 1799. Katika wosia wake aliagiza watumwa wake mwenyewe, watu 123, waachwe huru baada ya kifo cha mkewe. Martha aliwaacha huru mapema, tarehe 1 Januari 1801. Lakini katika shamba lile walikuwepo wengine 153 waliotokana na theluthi ya mjane. Washington hakuwa na mamlaka ya kuwaacha huru, wala Martha hakuwa nayo. Kwa zaidi ya miaka 40 makundi haya mawili yalikuwa yameoana. Seremala Isaac alikuwa wa Washington, akapata uhuru. Mkewe Kitty, mkamua maziwa, alikuwa wa fungu la mjane, na kwa sheria watoto walifuata upande wa mama. Martha alipofariki mwaka 1802, watu wa fungu lile waligawanywa kwa wajukuu wanne, na familia nyingi zikatawanyika.

Na yule mtoto John? Alifariki mwaka 1781 akiwa na miaka 26, ameacha mjane na watoto wanne. Naye hakuandika wosia, kama baba yake. Mirathi yake haikumalizika hadi mjane wake alipofariki mwaka 1811, yaani miaka 30.

Ndugu zangu, tusiseme hayo ni ya Wazungu. Kwetu mjane hubaki kwenye kihamba, anapalilia migomba na kuchuma kahawa, lakini siku akitaka kuuza kipande alipe ada ya mtoto, ataulizwa ni kwa ruhusa ya nani. Hiyo ni theluthi ya Martha kwa jina lingine. Binti naye anapewa baraka na kanga, huku kaka zake wakipima mipaka.

Naomba tufanye mambo matatu. Kwanza, wosia uandikwe mtu akiwa mzima, utaje mali, utaje na madeni. Pili, msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo akumbuke kwamba ana miezi minne ya kupeleka orodha ya mali na madeni, Fomu Na. V, na baadaye hesabu za mgawanyo, Fomu Na. VI. Barua ya uteuzi si hati ya kumilikishwa. Tatu, kabla ya kugawa, kikao kiulize mgawanyo huu utamfanyia nini kila mtu aliyemo humo: mjane, binti, mtoto wa nje, na mzee asiyeweza kujisemea.

Tunachangia zahanati na shule ili watoto wetu wapate mahali pa kurudi. Watarudi wapi kama vihamba vimekwama mahakamani? Changia harambee hii kwa moyo, na kabla mwaka haujaisha, kaa na mwenzako na watoto wako mwandike.

Karibuni nyumbani.