Mgeni wa Anga Aliyeongea Kikuyu

Najua nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, kazi za watu zilinibana. Leo tuweke programu kando kidogo tuongee sinema. Msiogope, kompyuta zitaingia kabla hatujaagana.

Kwa muda mrefu nimetaka kuandika juu ya The Force Awakens, ile Star Wars ya Desemba 2015. Ndiyo, nimechelewa. Waliopenda wameshapenda, waliochukia wameshachukia. Mimi nilikuwa na uhakiki wangu tayari kichwani tangu siku nilipoitazama: sinema nzuri, inakimbia vizuri, lakini ni nakala. Juzi jirani yangu akauvuruga uhakiki huo wote kwa sentensi moja.

Ilikuwa hivi. Naishi Magongo. Kwa wasiopajua, ni Mombasa ya bara, upande wa Changamwe, karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege ikiteremka inabidi mnyamaze hadi ipite. Joto la jioni lilinitoa chumbani, nikakaa barazani na laptopu nikitazama Return of the Jedi ya mwaka 1983, nikumbuke hadithi kabla sijairudia hiyo ya 2015. Jirani yangu, mama mmoja mwenye kibanda cha mboga, alikuwa akianua nguo nyuma yangu. Mara akasimama.

"We kijana, hebu rudisha hapo nyuma kidogo."

Nikarudisha.

"Rudisha tena. Huyo mwenye mashavu anaongea Kikuyu!"

"Hapana mama, hiyo ni lugha ya kubuni tu. Ni kiumbe wa sayari nyingine."

"Ya kubuni na nani? Nizaliwe Murang'a, nilelewe Murang'a, halafu wewe ndiye unifundishe Kikuyu? Anawaita walio kule waje hapa!"

Nilicheka. Halafu nikaanza kutafuta habari, na kicheko kikaniishia. Mama alikuwa sawa kabisa.

Huyo mwenye mashavu anaitwa Nien Nunb. Ndiye rubani msaidizi anayeketi kando ya Lando Calrissian ndani ya chombo kiitwacho Millennium Falcon, wakati wa vita vya mwisho vya sinema ile. Kikaragosi kiliendeshwa na Mike Quinn, lakini sauti ni ya Mkenya, Kipsang Rotich, aliyekuwa mwanafunzi Marekani wakati huo. Maneno aliyoyarekodi ni Kikuyu na Kikalenjin. Si sauti zilizobuniwa zifanane na lugha zetu. Ni lugha zenyewe.

Kwa nini walifanya hivyo? Mtaalamu wa sauti wa Star Wars, Ben Burtt, alikuwa na kanuni moja nzuri: sikio la binadamu hugundua haraka lugha ya uongo. Mtu akijitungia silabi hovyo, baada ya sekunde chache anaanza kuzirudia zile zile. Kwa hiyo Burtt alitafuta lugha za kweli ambazo watazamaji wake hawakuzijua. Katika sinema ya kwanza, ya mwaka 1977, maneno ya Greedo yalitokana na Kiquechua cha Amerika Kusini. Wale viumbe wadogo wa jangwani, Jawa, walitokana na Kizulu kilichoharakishwa. Ilipofika 1983, zamu ikawa yetu.

Mimi kama mtu wa programu naielewa kanuni hiyo, hata naiheshimu. Lakini ona kilichofichwa ndani yake. "Lugha ambayo watazamaji hawaijui" maana yake tayari umeamua watazamaji ni nani. Katika sinema hiyo hiyo ya 1983, Jabba akiongea unawekewa manukuu chini ya skrini. Nien Nunb hana manukuu. Lando anamjibu kwa Kiingereza na sisi tunakisia. Yaani lugha iliyotungwa ilitafsiriwa, na lugha ya watu halisi, wenye mashamba na shule na makaburi ya babu zao, ikaachwa iwe mlio tu.

Sasa tulinganishe na ndugu yake wa upande wa pili, Star Trek. (Najua wapenzi wa hizi mbili hawapatani, lakini leo tuvumiliane.) Kipindi cha kwanza cha Star Trek kilirushwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Afisa wa mawasiliano chomboni ni mwanamke Mwafrika aitwaye Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, aliyefariki mwaka 2022. Jina limetoka kwenye neno letu uhuru. Na katika kipindi hicho hicho cha kwanza, kuna kiumbe anajigeuza mwanamume na kumsemesha Uhura kwa Kiswahili, kwa sababu amesoma mawazoni mwake kwamba hiyo ndiyo lugha ya kwao. Matamshi yana kasoro, lakini kazi ya lugha pale ni tofauti kabisa na ile ya 1983. Kiswahili kinampa Uhura kwao. Baadaye, katika sinema ya mwaka 2009 iliyoongozwa na J.J. Abrams, akatajwa na jina la kwanza: Nyota. Nyota Uhura! Sisi hatuhitaji kamusi.

Na si kwenye sinema tu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini kule Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Msimamizi wa mradi alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, na kwa kuwaenzi wenyeji na siku yao setilaiti ikapewa jina Uhuru. Ilifanya kazi hadi Machi 1973, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei. Vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Kwa hiyo miaka 13 kabla ya Nien Nunb, neno la Kiswahili lilikuwa tayari linazunguka dunia, kweli si sinema, tena limeanzia pwani yetu hii. Hatukuwa wageni wa mambo ya anga. Aliyetufanya wageni ni aliyeandaa orodha ya watazamaji.

Haya, turudi 2015. Mwongozaji ni yule yule Abrams, na malalamiko yangu ya awali bado nayashikilia. Roboti mdogo amebeba siri jangwani. Kijana asiye na wazazi anamwokota. Kuna baa yenye viumbe wa kila namna. Kuna silaha ya ukubwa wa sayari inayoangamiza sayari. Mzee mwenye hekima anauawa. Huo ni msimbo wa 1977 ulionakiliwa, kisha majina ya vibadilika yakabadilishwa. Sisi waandika programu tunaijua kazi ya aina hiyo. Inaendeshwa bila hitilafu, mteja anafurahi (mapato yalizidi dola bilioni 2 duniani), lakini hakuna kipya kilichojifunzwa.

Ila nilipoitazama mara hii nilisikiliza zaidi ya kutazama. Nien Nunb yumo. Na waliporudi kwake hawakutafuta mtu wa kuigiza mlio ule. Walimtafuta Kipsang Rotich mwenyewe, aliyekuwa amesharudi Kenya miaka mingi, wakamrekodi upya. Miaka 32 imepita, na sauti ni ya mtu yule yule. Mwaka 1983 alitumika kwa sababu lugha yake haikujulikana. Mwaka 2015 aliitwa kwa sababu yeye anajulikana. Sekunde zenyewe ni chache mno, lakini kwangu ndilo jambo jipya pekee katika sinema iliyojaa ya zamani.

Tena hayuko peke yake. Maz Kanata, yule bibi mdogo mwenye miwani mikubwa na baa yake, ni Lupita Nyong'o, aliyelelewa Kenya na kushinda Oscar mwaka 2014. Aliigiza akiwa na nukta usoni, kamera zikasoma kila msuli unavyocheza, kompyuta ikauvalisha uso wa kiumbe wa kubuni. Kiufundi ni kazi safi, na nikiitazama najivunia. Lakini hesabu haikubali kunyamaza: Wakenya wawili katika sinema ile, mmoja anasikika haeleweki, mwingine anaeleweka haonekani. Tumeingia chomboni, ila bado hatujavuliwa kofia ya kiumbe wa ajabu.

Nikamweleza jirani yangu haya yote. Nilidhani atakasirika. Akaniambia jambo ambalo sikulitarajia.

"Mwanangu, mwaka 2008 wakati wa ile fujo, nikipanda matatu hapa Magongo, mamangu akipiga simu namjibu kwa Kiswahili. Yeye hajui Kiswahili vizuri. Tunaongea hivyo hivyo mpaka nishuke. Sasa huyu amekaa huko juu, anapiga kelele kwa Kikuyu na hakuna anayemtisha. Acha nifurahi."

Mimi mwaka huo nilikuwa mtoto wa shule. Nakumbuka watu wazima wakipunguza sauti, sikujua ni lugha waliyokuwa wakiificha.

Basi nikaamua kufanya ninachoweza. Faili la manukuu ni kitu chepesi sana: namba, saa ya kuanza na kumaliza, kisha maneno. Katika faili nililokuwa nalo, Nien Nunb akiongea pameandikwa kwamba anaongea lugha ya viumbe, basi. Nikakaa na mama barazani, yeye anasikiliza, mimi naandika: mstari wa juu Kikuyu, wa chini Kiswahili. Sehemu za Kikalenjin nimeziacha wazi hadi nipate mwenye lugha yake.

Nikahifadhi, nikacheza sinema... na badala ya Kikuyu nikaona alama za kuuliza! Kikuyu kina herufi ĩ na ũ, na programu niliyotumia ilihifadhi faili kwa jedwali la zamani la ISO 8859-1, la mwaka 1987. Jedwali hilo lina nafasi 256 tu, na lilipangwa kwa lugha za Ulaya Magharibi. Kiswahili hupenya bila shida kwa kuwa hakina alama juu ya herufi. Kikuyu kinabaki mlangoni. Nikahifadhi upya kwa UTF-8, ambayo hubeba herufi zote za Unicode, na mambo yakakaa sawa.

Lakini nilibaki nikizitazama zile alama za kuuliza. Ni kosa lile lile! Mtu fulani, bila chuki yoyote, aliorodhesha watumiaji wake, na mwanya aliouacha ni sisi. Burtt hakuwa na nia mbaya. Waliopanga jedwali hawakuwa na nia mbaya. Na mimi je? Nimeandika fomu ngapi za kujisajili zinazokataa jina la Ng'ang'a kwa sababu ya ile alama katikati? Nimefanya hivyo, tena si mara moja. Nilimkosoa Hollywood nikiwa na uchafu wangu mwenyewe kwenye msimbo.

Vibanda vyetu vya video vilijua dawa zamani. Wasimulizi kama DJ Afro hapa Kenya na Lufufu kule Tanzania hawakungoja kuorodheshwa. Walichukua sinema ya watu, wakaweka sauti yao juu, na ghafla aliyelipa shilingi zake mlangoni ndiye mtazamaji aliyekusudiwa.

Uhakiki wangu basi ni huu. The Force Awakens kama hadithi ni nakala nzuri ya kazi ya zamani, itazameni mfurahi, msitegemee mshangao. Kama historia, ni sinema iliyoanza kusahihisha kosa na ikaishia katikati. Mwaka 2019, katika The Rise of Skywalker, Nien Nunb aliuawa vitani, kwa hiyo nusu iliyobaki haitamaliziwa na yeye.

Jumapili iliyopita tuliionyesha ile ya 1983 uani, ukutani, na manukuu yetu. Mama alikalia ndoo mbele kabisa. Ilipofika sehemu yake akaisoma kwa sauti, watoto wa ploti wakairudia, kila mmoja na lafudhi ya kwao. Halafu akanigeukia.

"Hapo umeandika vibaya. Hiyo ũ ni ya mwisho, si ya kwanza."

Nimeshairekebisha. Na ile fomu ya kujisajili pia, majina yenye ng' sasa yanapita. Haya, tuonane tena panapo majaliwa.